Mchanga wa Dar es Salaam Haushiki: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza Bustani ya Kilimo Hai

Karibu kila anayeanza kulima mboga kwa njia ya kilimo hai, yaani bila mbolea wala dawa za viwandani, jijini Dar es Salaam, awe Bunju, Kinyerezi, Chanika au ng'ambo ya Kigamboni, huanza na swali la mbolea: aweke ipi, na kwa kiasi gani. Vijana wanaokuja kujifunza kwenye matuta yangu huniuliza hivyo hivyo, nami huwarudisha nyuma hatua moja, kwa kuwa udongo wa sehemu kubwa ya jiji hili ni kichanga na kichanga hakishiki kitu. Ukiupa samadi nzuri leo, mvua chache kubwa za masika zitaishusha nitrojeni chini ya mizizi, na potasiamu haitakawia kuifuata.

Sababu yake inaeleweka ukiifikiria. Chembe za udongo wa mfinyanzi na za mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyokwisha kuoza, zina chaji hasi, kwa hiyo huvuta na kushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, ambazo zina chaji chanya, kisha huziachia kidogo kidogo mizizi inapozihitaji. Chembe ya mchanga ni kubwa, na nafasi yake ya kushikia ni ndogo mno. Nitrojeni ikishageuka kuwa nitrati huwa na chaji hasi, hivyo hata mfinyanzi hauwezi kuizuia. Inayobaki kwa muda mrefu ni ile iliyofungwa ndani ya mboji yenyewe. Ndiyo maana namwambia mgeni ajenge ghala kwanza, yaani mboji, na mazao ya kuweka ndani, yaani virutubisho, ayatafute baadaye.

Wapo watakaokushauri ukalime kwenye mabonde, hasa Bonde la Msimbazi, kwa sababu udongo wa huko ni mzito na una unyevu mwaka mzima. Ni kweli kwamba unashika, lakini mto huo hupokea majitaka ya viwandani na majumbani, na metali nzito zikishaingia kwenye udongo hakuna mboji itakayoziondoa. Afadhali kichanga safi.

Kabla ya kununua chochote, jaza udongo theluthi moja ya chupa inayopitisha mwanga, ongeza maji hadi karibu na shingo na punje chache za sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie hadi kesho yake. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huwa wa mwisho. Ukiona tabaka la chini limechukua karibu kimo chote, umekwisha kujua una kazi gani. Vipimo kamili vinapatikana kwenye maabara za udongo, kama ile ya kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano mkoani Tanga au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro. Chota udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za bustani, kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo ya plastiki, uanike kivulini na upeleke takriban nusu kilo. Usitumie ndoo ya bati, maana bati limepakwa zinki, na majibu yatakuonyesha zinki ambayo shamba lako halina. Omba wapime pH (kipimo cha uchachu wa udongo: chini ya 7 ni mchachu, juu yake si mchachu), mboji, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na chumvi.

Mimi sikupima, na nililipa gharama yake. Katika msimu wangu wa pili nilikuwa nikipewa majivu bure na jirani aliyepika kwa kuni, nami nikayamwaga kwenye matuta ya nyanya na chainizi, ndoo baada ya ndoo, kwa kuwa nilisikia yana potasiamu. Yanayo kweli, lakini pia yanapandisha pH, na udongo wa kichanga hauna uwezo wa kuhimili badiliko hilo kama mfinyanzi. Majani machanga yakaanza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nikasema mimea ina njaa ya nitrojeni, nikaongeza samadi ya kuku ambayo haijaiva. Rangi haikurudi, na vidukari wakajaa kwenye vichipukizi, kwani wadudu hao hupenda sana mmea uliolishwa nitrojeni kupita kiasi. Nilipopima hatimaye, pH ilikuwa imevuka 8. Chuma kilikuwamo udongoni, ila katika pH hiyo hakiyeyuki, na mizizi haiwezi kufyonza kisichoyeyuka. Mboga nyingi hustawi kati ya 6 na 7.

Tangu hapo nimejizoeza kutazama manjano yameanzia wapi kabla sijashika koleo. Nitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea, kwa hiyo zikipungua mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, na dalili huanzia chini: jani zima likififia ni nitrojeni, manjano kati ya mishipa ni magnesiamu, na kingo zikiungua ni potasiamu. Chuma, kalsiamu na boroni hazihami, hivyo dalili zake huonekana juu, kwenye vichipukizi. Kingo zilizoungua zina mtego wake hapa pwani, kwa sababu maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi, nayo huunguza ncha na kingo vile vile. Tazama uso wa tuta: ukiona ukoko mweupe baada ya jua la mchana, shaka yako ianzie kwenye kisima, na uvune maji ya mvua kadiri uwezavyo. Mchicha huvumilia chumvi kuliko maharage.

Nyanya kuoza kitako ni somo jingine ambalo wageni hulielewa vibaya. Ni kweli tunda limekosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo na kilichokosekana ni maji ya kuipeleka, kwani husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi. Kichanga hukauka upesi. Ukimwagilia sana Jumamosi kisha ukasahau hadi Jumanne, tunda changa lililokuwa likijengeka katikati ya siku hizo litaharibika hata ukilizungushia maganda ya mayai. Mwagilia kidogo kila siku, na ufunike tuta kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba. Samadi mbichi huchangia pia tatizo hili, kwa sababu amonia yake hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi.

Sasa nirudi kwenye ghala lenyewe. Jijini malighafi kubwa ni samadi ya kuku wa nyama, ambayo mtu hukuletea kirikuu kizima ikiwa imechanganyika na maranda. Maranda yana kaboni nyingi mno kulingana na nitrojeni, na ukiyafukia yakiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua nitrojeni ya udongo na kuinyima mboga yako. Rundika samadi hiyo pamoja na majani mabichi na mabaki ya sokoni, loweka mpaka ukikamua kiganjani yatoke matone machache tu, kisha chomeka kipande cha nondo katikati. Ukikichomoa baada ya siku nne na ukashindwa kukishika, lundo linafanya kazi. Joto la nyuzi 55 na zaidi likidumu siku kadhaa huua mbegu za magugu na vimelea vingi, mradi uligeuze ili sehemu ya nje nayo iingie ndani. Miezi mitatu ni muda wa haki. Kwa joto la Dar es Salaam mboji huisha upesi, hivyo mimi huweka kilo mbili kwa kila mita ya mraba kila msimu, na sijawahi kufika mahali pa kusema inatosha.

Chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia na ambazo wauzaji huzitupa, haziozi kama mboji. Zisage, uzichanganye na lundo tangu mwanzo ili zijae virutubisho. Ukiziweka kavu shambani zitafyonza chakula cha mimea kwanza. Udongo wa kichuguu nao huongeza mfinyanzi. Makumbi ya nazi hushika maji vizuri, ila yaoshe mara mbili, kwa sababu yana chumvi.

Fosforasi ikiwa pungufu, tunayo miamba ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, inayokubalika katika kilimo hai ikiwa ni mwamba uliosagwa tu bila kuongezewa mbolea za viwandani. Unga huo huyeyuka kwenye udongo wenye uchachu; pH yako ikizidi 7 utakaa tu kama vumbi. Kuuchanganya ndani ya lundo la mboji husaidia, kwa kuwa kuoza huzalisha asidi.

Adui mkubwa wa mizizi kwenye kichanga ni minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoingia ndani ya mizizi. Mmea ukinyauka mchana ilhali udongo una unyevu, ung'oe: mizizi yenye vinundu itakueleza kwa nini mbolea yako haifiki kwenye majani. Panda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katika tuta hilo kwa msimu mmoja, ukate na kuyafukia kabla hayajakomaa. Hupunguza minyoo na kuongeza nitrojeni kwa pamoja. Usirudishe nyanya, bilinganya wala bamia hapo mara moja.

Kama unalenga kupanda vuli, mwezi Oktoba, lundo lako lianze kabla Julai haijaisha. Mboji ikiwa tayari, acha tuta moja bila kuliwekea chochote, ulimwagilie sawa na mengine, na uandike kwenye daftari kila ulichoweka kwenye matuta yale mengine na tarehe yake. Daftari hilo ndilo utakaloulizwa siku utakapoomba alama ya Kilimohai, ile inayothibitisha mazao ya kilimo hai Afrika Mashariki, na tuta lile tupu ndilo litakalokuonyesha kama ulichogharamia kimefanya kazi.