Unaenda au Unarudi? Shilingi Mbili za Mpaka wa Lunga Lunga

Wateja wangu wa Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, wakijua kwamba mzigo naufuata Tanga, swali lao huwa moja: "Bi mkubwa, hela ya Tanzania leo ni ngapi?" Nami kabla sijajibu humuuliza mtu: unaenda au unarudi? Wengi hushangaa. Wanadhani pesa ina bei moja kama mkate.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba wa kuuza leso, na mara nne au tano kwa mwaka navuka Lunga Lunga upande wa Kenya na Horohoro upande wa Tanzania, pengine nafika mpaka Kariakoo. Nikisema pesa ina bei mbili nasema jambo ninalolilipia kila safari. Tuchukue mfano. Mbadilishaji anainunua shilingi yetu kwa 18.80 za Tanzania na kuiuza kwa 19.60. Ukimpa 10,000 zako atakupa 188,000. Sasa safari imevunjika, umerudi kwake jioni ile ile na noti zile zile. Atakurudishia 9,591. Zaidi ya shilingi 400 zimekwenda na hujanunua hata maji ya kunywa. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kuandika kwenye karatasi atakachotumia, achenji hicho na akiba kidogo, basi. Ukipungukiwa utachenji tena hukohuko. Ukizidisha, utalipa kuenda na utalipa kurudi.

Ubao wa dukani nao huwachanganya watu. Mstari wa dola hukwambia dola moja ni shilingi ngapi za Kenya. Mstari wa Tanzania umegeuzwa, kwa kuwa hukwambia shilingi moja yetu ni ngapi za kwao. Anayetoka na shilingi za Kenya atafute namba kubwa. Anayerudi na za Tanzania atafute ndogo. Nimewaona wafanyabiashara wazima, watu wa mtaji mkubwa, wakifurahia namba kubwa siku ya kurudi.

Halafu jifunze kupiga hesabu kichwani, kwa sababu dukani Kariakoo huna nafasi ya kutoa simu kila unapotajiwa bei. Reti ikiwa 20, kata sifuri moja kisha chukua nusu. Shilingi 50,000 zinakuwa 5,000, nusu yake 2,500 za Kenya. Reti ikiwa 19, fanya vivyo hivyo kisha uongeze sehemu moja ya ishirini ya jawabu, yaani 125, upate 2,625. Kikokotoo kitakupa karibu 2,632. Ikiwa 21, badala ya kuongeza unatoa. Kosa la shilingi saba halitakufilisi. Kitakachokufilisi ni kutojua kabisa.

Mimi hasara yangu kubwa haikutoka kwenye hesabu. Ilitoka kwenye dharau, na nitaieleza kama ilivyokuwa.

Mwaka 2009, safari zangu za mwanzo, niliteremka Lunga Lunga na shilingi 30,000 za mtaji. Reti ilikuwa 17. Kijana mmoja wa barabarani akanihesabia mbele ya macho yangu 510,000, noti moja moja, nami nikapokea. Kisha akasema, "Mama, ngoja, nimesahau kukuongezea elfu tano ya usafiri." Akaitwaa ile bunda, akachomeka noti, akaikunja, akaifunga mpira, akanirudishia. Nikaitia mkobani. Nilipoihesabu Tanga, kwa ndugu zangu, zilikuwa 430,000. Elfu themanini hazipo, karibu shilingi 4,700 zetu kwa reti ya siku ile.

Kwa nini sikuhesabu tena? Kwa sababu nilikulia Mombasa nikisikia kwamba hela ya Tanzania ni karatasi. Noti ya 10,000 yenye picha ya tembo niliiona kama mia tano na kitu. Sikuiheshimu, na mtu hahesabu asichokiheshimu. Laiti zingekuwa noti zetu za elfu moja, ningezihesabu mara tatu. Tangu siku hiyo naingia kwenye duka lenye leseni na risiti, nahesabu mwenyewe hapo kaunta, na bunda ikitoka mkononi mwangu hata kwa sekunde moja naanza tena kuanzia noti ya kwanza. Anayenikimbiza namrudishia zake nachukua zangu.

Ile dharau iliniuma zaidi kwa sababu bibi yangu, mama mzaa mama, alizaliwa Chumbageni, Tanga, akaolewa Kibokoni hapa Mji wa Kale. Kwake yeye shilingi ilikuwa shilingi. Alitaja ndururu na thumuni hadi uzeeni, na alikuwa na kopo la sarafu za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga uzi kama shanga ili zisipotee.

Tizama maneno yenyewe. Sisi tunasema pesa, ndugu zetu wa Tanga wanasema hela, kama vile sisi tunavyosema leso nao wakasema kanga. Pesa ilikuja na wafanyabiashara wa Bahari Hindi, ni ile paisa ya Kihindi, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Hapa kwetu kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilitoa sarafu mwaka 1888 zilizoandikwa jina la Mombasa, na mizani imechorwa juu yake. Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa William Mackinnon. Upande wa pili Wajerumani nao walikuwa na rupia yao ya pesa 64, mpaka mwaka 1904 walipoibadilisha ikawa na heller 100. Heller ikawa hela. Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ukifika Tanga leo bado utaulizwa kama una hela.

Shilingi ilitufikia kwa njia ya mateso kidogo, na watu wengi hawaijui. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha, ile madini, ilipanda na rupia ikapanda nayo. Kabla ya hapo rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga rupia kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni, ikaleta florin mahali pake, na mwaka 1921 ikaleta shilingi, mbili kwa kila florin. Masetla waliokuwa na madeni ya rupia benki waliona deni lao likikua kwa nusu wakilipima kwa pauni. Wakatafuta pa kufidia. Mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na hiyo ni mojawapo ya sababu za vuguvugu la Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekamatwa Machi 1922. Nikisoma habari hii huwa nafikiria yule kibarua wa shamba ambaye hakuwahi kukopa hata senti benki, na bado tofauti ya reti ikatoka mfukoni mwake.

Shilingi hiyo iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ndiyo aliyoijua bibi. Ishirini ziliitwa pauni. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Unguja na Pemba wakaiacha rupia wakaingia mwaka 1936. Mtu alitoka Kibokoni na shilingi yake mkononi akaenda kununulia samaki Tanga, bila kuuliza reti. Baada ya uhuru kila nchi ikataka benki kuu yake, kwa kuwa bodi ile iliendeshwa kwa akiba ya pauni na haikuwapa nafasi ya kupanga uchumi wao wenyewe. Mwaka 1966 zikazaliwa shilingi tatu. Zilizaliwa pacha. Moja ya Kenya kwa moja ya Tanzania, na hata Uingereza iliposhusha pauni yake mwaka 1967, nchi zetu tatu hazikuifuata.

Miaka ya sabini pacha wakaanza kuachana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka. Bibi alikuwa amejiwekea noti za Tanzania ndani ya kopo la maziwa, nauli na zawadi za kumpelekea dada yake Chumbageni. Alingoja. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na ndani ya miaka ile Tanzania ilikuwa imepigana vita na Idi Amin, mafuta yamepanda, na mkonge, uliokuwa umeilisha Tanga nzima, bei yake imeanguka kwa sababu ya kamba za nailoni. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola. Iliendelea kushuka. Kufikia mwaka 2000 shilingi yetu moja ilikuwa kama kumi zao, nayo yetu pia ilikuwa imeshuka sana, ni vile tu kwamba ya kwao ilishuka zaidi. Sifuri kwenye noti ni kumbukumbu ya miaka hiyo. Hazisemi kama mwenye noti ni maskini wala tajiri. Enda Kariakoo uone.

Kopo la bibi tulilifungua alipofariki. Noti zilikuwa bado zimekunjwa vizuri, na hakuna mbadilishaji aliyezikubali.

Ndiyo maana siweki noti za Tanzania nyumbani muda mrefu, na nakusihi nawe usiweke. Si bibi peke yake. Juni 2019 Kenya ilitangaza kuiondoa noti ya zamani ya elfu moja, mwisho ukiwa tarehe 30 Septemba, na Benki Kuu ya Tanzania ikasimamisha ubadilishaji wa shilingi za Kenya. Waliokuwa nazo upande wa pili walihangaika. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Tanzania: noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zilipewa miezi mitatu, Januari hadi tarehe 5 Aprili. Ukipewa noti kuukuu mpakani, ikague, na kama huitambui usiipokee hata kwa bei nzuri. Bei nzuri ya noti iliyokufa ndiyo inayowanasa wageni.

Na reti ifuatilie wiki mbili kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Mwaka 2024 ndio ulionifunza. Mwezi Januari shilingi yetu ilikuwa imeanguka hadi karibu 160 kwa dola, na kwa Tanzania ikawa inapata kama 16 tu. Februari Kenya ikauza nje hati fungani mpya, yaani ikakopa upya, ili kununua sehemu ya ile ya zamani iliyotakiwa kulipwa Juni, wasiwasi ukapungua, shilingi ikainuka hadi karibu 129 kwa dola. Kufikia Agosti moja yetu ilikuwa inapata kama 21 za Tanzania. Doti niliyoinunua kwa 8,500 Januari ilinigharimu 531 za Kenya. Agosti, duka lile lile, bei ile ile ya 8,500, ilinigharimu 405. Mwenye duka hakupunguza hata senti. Ningekuwa sina daftari nisingeiona tofauti hiyo, na mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo kwenye daftari langu kila mzigo una safu tatu: bei ya Tanzania, reti ya siku niliyochenji, na bei ya Kenya. Reti niandikayo ni ile niliyoipata mkononi, si ile iliyotangazwa na benki kuu. Hizo mbili hazijawahi kulingana.

Kutembea na mtaji wote mkobani si lazima tena. Tangu 2015 M-Pesa ya hapa inatuma kwa Vodacom Tanzania, na mimi hutanguliza malipo ya mzigo hivyo. Ila kabla hujabonyeza, tazama kiasi kitakachopokelewa ukigawe kwa kile unachotuma, ujue reti yako halisi ukilinganisha na ya dukani. Na ukishavuka usijaribu kulipia kitu kwa shilingi za Kenya. Zamani watu wa Horohoro walipokea tu. Tangu Machi 2025 kuna kanuni Tanzania zinazokataza kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na muuzaji atakayekukubalia anajitia matatani.

Sarafu hazibadilishwi popote. Za 500, za 200, hakuna anayezitaka upande huu, na noti moja moja zilizobaki haifai kuzipigia foleni kwa ile reti ya kurudi. Mimi humalizia zote Horohoro kwenye machungwa ya Muheza, kiroba kizima msimu ukiwa mzuri, na basi likifika Likoni wajukuu wa bibi wanakuwa wameshajipanga upande wa pili wa feri kunipokea.