Kuficha bati au paa la kawaida, kiwanja cha Nyegezi?
Dada, umeuliza ujenge nyumba ya kuficha bati au ya paa la kawaida kwenye kiwanja chako cha Nyegezi, hapa Mwanza. Mimi ningechukua paa la kuonekana: bati la msauzi, kijivu au kahawia, na paa litokeze nje ya ukuta walau sentimita 60.

Nyumba ya kuficha bati, yaani ile ambayo ukuta unapandishwa juu hadi paa lisionekane, inapendwa kwa haki. Mistari imenyooka, haina mbwembwe, na ukiipiga nyeupe na kijivu hata ya vyumba viwili inaonekana ya kishua. Ila mvua za Mwanza si za mchezo. Maji yote yanakusanyika nyuma ya ule ukuta wa juu na kutegemea gata la ndani. Majani yakiziba, madoa unayaona kwenye dari ya sebule. Na ukuta usiofunikwa na paa unashika michirizi myeusi mapema, kwa hiyo ukiamua hivyo tenga kabisa hela ya rangi.

Kinachonishangaza ni mawe. Tunaishi katikati ya graniti, halafu mtu anakwenda kununua vigae vya kuiga mawe! Mwambie fundi msingi wa mawe auache uonekane, asiupige plasta, achore tu viungo vyake kwa saruji. Jiwe kubwa likiwemo kiwanjani usilipasue, lizungushie maua.

Baraza ielekee ziwani kama unaliona. Madirisha aluminiamu, na wavu usikose. Wale wadudu wa ziwani wakiona taa hawabishi hodi.