Fundi, nyasi za kwenye pevingi zimenishinda

SWALI: Fundi shikamoo. Nina mashine ya kusaga na kukoboa huku Morogoro, uwanja wote nilitandaza pevingi, sa hivi nyasi zimetoka kila mwanya hadi wenye malori wananiuliza kama nimefunga biashara. Vibarua wakikwangua na visu, wakifika mwisho kule walikoanzia kushaota tena. Nina trekta Massey 135 ya kizamani, nikachukua springi pleti ya lori, nikainoa, nikaichomelea kwenye fremu ya jembe nikaburuza. Imeng'oa pevingi 11 na zingine imezimega kona. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba kaka. Umekosea kuburuza. Kisu kikiingia kwenye mwanya kinatafuta pevingi iliyonyanyuka hata milimita 2, kikishaipata ndo basi, trekta haijui kama imeshika nyasi au imeshika tofali, yenyewe inavuta tu. Unachotaka ni kitu kinachozunguka na chenye kunyumbuka, yaani brashi ya waya inayozungushwa na trekta.

Tafuta difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ya pikapu chakavu. Ilaze ili pinioni, pale inapoingilia propela, iangalie pitio ya trekta (ile shafti ya nyuma inayozungusha mitambo) na ekseli moja iangalie chini, nyingine itoe. Spaida, zile gia ndogo za ndani, zichomelee zisicheze, maana ukiziacha nguvu yote inakimbilia upande usio na kazi. Pitio inazunguka mara 540 kwa dakika, difu inaigawanya kwa kama 4 hivi, unabaki na 130 na kitu, inatosha kabisa. Sili ya chini weka mpya la sivyo oili yote itamwagikia uwanjani.

Huko chini sasa, chukua kebo ya chuma ya winchi, kata vipande vya sentimita 25, vibane kati ya bamba mbili kwa bolti. Usivichomelee! Waya ukipata moto wa weldingi unakuwa mkavu pale pale kwenye kiungo halafu unakatika, mi nilichomelea brashi yangu ya kwanza na kipande kimoja kikapita kwenye suruali ya kijana wangu, ilikuwa suruali tu tunashukuru. Kwa hiyo gadi ya mpira wa tairi kuzunguka yote, miwani, na watoto wasikae karibu. Weka na vigurudumu viwili vya toroli vishike kimo cha brashi kutoka chini, ukitegemea haidroliki peke yake, ya trekta kuukuu inashuka polepole na brashi inaanza kula pevingi.

Ila ngoja, angalia kwanza ni nyasi gani. Ukiing'oa ukakuta kikokwa cheusi mizizini hiyo ni ndago, brashi itainyoa tu, vikokwa vinabaki chini na siku chache unaiona tena imechangamka kuliko mwanzo. Hiyo ipulizie glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ikiwa na majani mabichi, siku isiyo na mvua, isubiri ikauke kabisa ndo upitishe brashi, ukianza na brashi dawa haina jani la kuingilia. Na usipulize upande ambao maji yanatiririkia bustani ya jirani.

Brashi inatoa na mchanga wa kwenye mianya, kwa hiyo siku hiyo hiyo mwaga mchanga laini mkavu, fagia uingie, kabla upepo haujaleta vumbi na mbegu zingine. Hizo 11 zilizong'oka zirudishe kwa kusawazisha mchanga chini yake kwanza, zilizomegeka kona zigeuze upande wa chini uwe juu.