Silinda ya kujifunzia: usilipie urefu

Vijana wanaotaka kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo hunijia hapa Malindi na swali lilelile: fundi, ninunue silinda ya ngapi? Silinda ni kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo. Dukani wameonyeshwa ya 60, ya 70 na ya 80, bei inapanda kadiri milimita zinavyoongezeka, nao wanaamini ndefu ndiyo ngumu na ndiyo itawakomaza. Nawaambia wachukue ya 60, yaani 30 kwa 30, na pesa iliyobaki wanunue silinda nyingine ya muundo tofauti.

Namba hizo ni za mlango. Kila upande hupimwa kuanzia katikati ya tundu la skrubu hadi ncha. Mlango mnene unadai silinda ndefu, kwa mfano 35 kwa 45, na hapo kweli pima kwa makini, maana silinda inayochomoza nje ya bati la kitasa zaidi ya milimita 3 humpa mwizi pa kushika na kuivunja.

Mezani unapojifunzia mambo ni mengine. Linganisha ufunguo wa silinda ya 60 na wa ile ya 80, za muundo mmoja: kwa kawaida funguo hizo zina urefu sawa. Ufunguo haukurefuka, basi pini nazo, vile vijiti vidogo vya ndani vinavyosukumwa na ufunguo, hazikuongezeka. Ni tano au sita, zimejipanga kutoka mdomoni unapoingilia ufunguo, na urefu wa ziada umebaki nyuma yake. Chuma chako cha kuchokolea hakifiki huko, wala hakina kazi huko.

Napenda silinda ya pande mbili kuliko nusu silinda ya 30 kwa 10, inayoingia ufunguo upande mmoja tu, kwa sababu unapata madarasa mawili kwa bei moja. Upande mmoja toa pini, ubakishe mbili tu. Upande wa pili ziache zote. Ukitoa moyo wa silinda, yaani sehemu inayozunguka na ufunguo, usukume kwa kijiti cha mviringo chenye unene uleule, la sivyo springi zitaruka na hutaziona tena. Kazi hii ya kufungua na kupanga upya hufundisha kuliko kuchokoa kwenyewe: utajua kidole chako kinahisi nini, kwa kuwa umeiweka pini hiyo mwenyewe.

Usishike silinda mkononi. Ifunge kwenye kipande cha ubao kwa skrubu yake ya milimita 5, tumbo, yaani sehemu bapa yenye springi, likiwa chini kama linavyokaa mlangoni. Wengi huigeuza juu chini wakizoea kusukuma pini kwenda juu, halafu kwenye kitasa halisi mkono unapotea.

Cha kuangalia dukani ni mfereji wa ufunguo. Ukiwa mpana na umenyooka, vyuma viwili, cha kuchokolea na cha kuzungushia, vinaenea bila kugombana. Uliopinda sana uache kwa baadaye, pamoja na silinda zenye pini za kiuno, zile zilizochongwa nyembamba katikati, zinazokudanganya kwamba kufuli limekubali.

Kwenye kufuli la kuning'inia, saizi ina maana. Lenye mwili wa upana wa milimita 20 huwa na pini chache, lakini mfereji wake ni finyu mno kwa anayeanza. Tafuta la 40 au 50.

Kabla ya kununua chochote, waulize mafundi wanaobadilisha vitasa kwenye nyumba za kifahari za huku pwani, nyingi zikiwa za Waitaliano, na nyingine hukaa zimefungwa miezi mingi. Silinda kuukuu hutupwa. Ila ziteue: iliyoliwa na chumvi ya bahari hadi pini zikagoma itakufundisha uongo, kwa sababu hutajua kama inakataa mkono wako au kutu. Ioshe kwa mafuta mepesi, na ufunguo wake usipozunguka kwa ulaini, iweke kando. Kitasa cha mlango unaoutumia usikiguse kabisa. Pini zake huchakaa, na siku moja utalala nje. Vyuma navyo viache nyumbani, kwani sheria ya Kenya haimchekei anayekutwa barabarani na vifaa vya kuvunjia.