Tiba ya radoni kwa wenye baridi yabisi: pima haya kabla ya kufunga safari

Tangu niliporudi kutoka Austria, watu wenye baridi yabisi hapa Nairobi wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama lile handaki la Gastein huko Austria, ambako wagonjwa hulala wakivuta hewa yenye radoni, gesi yenye mionzi, linaponya. Jibu langu ni kwamba haliponyi, ila linaweza kupunguza maumivu kwa miezi kadhaa, na mtu anayeendelea kutumia dawa zake kama kawaida anaweza kulichukua kuwa nyongeza. Anayekusudia kwenda huko ili aachane na dawa, namsihi asiende. Nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu kwa sababu wanaouliza ni watu wenye maumivu ya kweli, na mwenye maumivu huuza hata shamba akisikia kuna nafuu mahali.

Baridi yabisi ninayoizungumzia si ile inayokuja na umri viungo vinapochakaa. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo, vikavimba na kupata joto, na usipodhibitiwa mapema huanza kuula mfupa wenyewe. Kwangu ulianzia vidoleni. Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi inapokuwa kali, nilishindwa kukunja vidole kuushika mwiko, nikawa nausonga ugali kwa kuubana mwiko kati ya viganja viwili, huku binti yangu mdogo akiishikilia sufuria isizunguke. Kilichonirudishia mikono si handaki. Ni methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki kwa ratiba anayoipanga daktari, na ambayo huhitaji damu kupimwa mara kwa mara ili kuangalia ini na chembechembe za damu. Hata hivyo, maumivu kidogo yalibaki, na hayo ndiyo yaliyonifanya niisikilize habari ya radoni pale binti yangu mkubwa, aliye muuguzi huko Salzburg, aliponieleza kwamba wagonjwa wake wengine huandikiwa tiba hiyo na madaktari.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa kutokana na radiamu, ambayo nayo hutokana na uraniamu iliyomo katika miamba na udongo, na kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imekwisha kugeuka, ikitoa mionzi ya chembe za alfa. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutua na kufikiri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni mwaka 1988 katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, likipendekeza kwamba ndani ya nyumba isizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) katika kila mita ya ujazo, na pale kiwango hicho kisipowezekana, isipite 300. Hewa ya handaki la Gastein ina bekereli zipatazo 44,000. Ndiyo maana mgonjwa hukaa humo muda mfupi uliopimwa, kwa siku chache zilizopangwa, na wala hahamii huko.

Tiba yenyewe si ya jana. Mji wa Jáchymov, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, ulianza kuwatibu watu kwa maji ya radoni mwaka 1906. Mawe ya migodi ya huko ndiyo yaliyotumiwa na Marie na Pierre Curie walipoigundua radiamu mwaka 1898, na wachimbaji wa migodi hiyo hiyo walikufa kwa wingi kwa saratani ya mapafu, jambo ambalo matangazo ya hoteli za tiba hayapendi kulitaja. Handaki la Gastein nalo lilichimbwa miaka ya 1940 na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu. Dhahabu ya maana haikupatikana, lakini wafanyakazi waliokuwa na maumivu ya viungo walisema wamepata nafuu, madaktari wakachunguza, na mwaka 1952 kituo cha tiba kikafunguliwa.

Mgonjwa haingii kabla ya kuonwa na daktari wa kituo. Baada ya hapo unapanda gari dogo la reli linalokuingiza ndani kabisa ya mlima, hadi kwenye vyumba vya mwamba vyenye vitanda vilivyopangwa safu, unalala kimya karibu saa nzima ukivuta hewa, jasho likikutiririka. Joto la humo ni kati ya nyuzi 37 na 41.5 za Selsiasi, na unyevu wa hewa ni asilimia 70 hadi 100. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, joto silo geni kwangu, na bado siku ya kwanza nilitoka nimelegea kiasi cha kushikwa mkono. Mwenye moyo dhaifu au presha isiyodhibitiwa asijaribu. Mjamzito asiingie, mtoto vilevile, na yeyote mwenye kikohozi kisichoeleweka apimwe kifua kikuu hapa nyumbani kwanza, hasa ikiwa anatumia dawa zinazoshusha kinga. Kwa mvutaji sigara sina maneno ya kupaka mafuta: mapafu yake yamekwisha kubeba mzigo, na sioni sababu ya kuyaongezea mwingine.

Je, kinachosaidia ni radoni au ni lile joto na mapumziko? Hili ndilo swali nililomwuliza daktari wangu wa magonjwa ya viungo, na yeye hakunijibu kwa mkato, alinionyesha tafiti. Mmoja ulichapishwa mwaka 2000 kutoka Bad Brambach, Ujerumani, ambapo wagonjwa 60 wa baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Wote walioga maji yenye kaboni dioksidi, lakini maji ya kundi moja yalikuwa pia na radoni. Tiba ilipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu iliyolingana. Baada ya miezi sita, waliooga radoni ndio waliokuwa bado na nafuu zaidi. Mwingine ulifanywa na Waholanzi na kuchapishwa mwaka 2001, kwa wagonjwa 120 wenye uvimbe sugu wa uti wa mgongo: 40 walipelekwa Austria, wakafanya mazoezi na kuingia handaki la Gastein, 40 walipelekwa kituo cha Uholanzi chenye mazoezi kama hayo na sauna, na 40 walibaki nyumbani na dawa zao na mazoezi ya kila wiki. Makundi yote mawili yaliyosafiri yaliwashinda waliobaki nyumbani, na nafuu ya wale wa Gastein ikadumu zaidi.

Mimi huutegemea zaidi ule wa kwanza, ingawa ni mdogo, kwa sababu mtu aliyepelekwa milimani Austria anajua kabisa kwamba amepelekwa milimani Austria, na furaha ya safari nayo hutuliza. Watafiti wanadhani kwamba mionzi hiyo kidogo huuchochea mwili kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe. Jambo la kushika ni kwamba yote yaliyopimwa hapo ni maumivu, ukakamavu na uwezo wa kufanya kazi. Sikuona mahali palipothibitishwa kwamba radoni huzuia mfupa kuliwa, na kazi hiyo ndiyo ya methotreksati na dawa za jamii yake.

Jirani yangu aliniambia, "Sasa dada, gharama yote hiyo ya nini na Bogoria iko hapa karibu?" Namwelewa, lakini chemchemi za Bogoria hutoa maji yanayokaribia kuchemka, yanayoweza kumbabua mtu, na maji kuwa ya moto hakumaanishi kwamba yana radoni. Wengine hunitajia mlima Mrima kule Kwale, ambao kweli una mionzi ya asili ya juu kwa sababu ya thoriamu iliyomo ardhini. Kwenda kukaa kwenye pango au shimo bila kipimo wala daktari ni kujitia mionzini bure, na tafadhali usimruhusu mtu yeyote akuuzie maji, jiwe au mkufu "wa mionzi" kwa ajili ya viungo.

Kuhusu fedha, nilikaa kwa binti yangu na nauli aliilipa yeye, la sivyo nisingekwenda, kwani bima yangu ya hapa haikutoa hata shilingi. Ikiwa bado hujamwona mtaalamu wa viungo, au unaruka wiki za dawa kwa kukosa pesa, au hujawahi kufanyiwa mazoezi ya tiba, basi pesa za safari zimekwisha kupata kazi hapa hapa Nairobi. Ukiamua kwenda, beba barua ya daktari yenye majina na vipimo vya dawa zako, weka dawa kwenye mkoba wa mkononi, na usisimamishe hata moja kwa sababu ya handaki. Tarajia pia maumivu kuzidi kidogo baada ya kuingia mara chache. Yalizidi kwangu, nikaambiwa ni kawaida, na nafuu yenyewe niliiona wiki kadhaa baada ya kurudi.

Mvua za vuli zilipofika, niliweza kufungua chupa na kufunga vifungo bila msaada. Baada ya Krismasi maumivu yakaanza kurejea taratibu, nikaenda kliniki na matokeo yangu ya damu, na daktari akaniongezea kipimo cha methotreksati. Habari ya Austria hakuigusa kabisa, nami sikumwuliza.