Jibu: Nani bado anamaliza filamu nzima?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna mtu bado anakaa na filamu mwanzo mwisho, au sote tumebaki na vipande vya TikTok. Mimi huku Ujiji namaliza, ila si kwenye simu. Kwenye simu nikifika dakika ya kumi kidole kimeshahama, naangalia mtu akikaanga samaki wa migebuka, wakati migebuka yenyewe iko jikoni kwangu!

Naenda kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyesha filamu. Benchi linaumiza kweli, joto usiseme, lakini pale huwezi kurukisha mbele. Nilikulia humo, enzi za kanda za Lufufu, yule msimulizi wa filamu, picha ya Kihindi au Kichina, yeye anatusimulia Kiswahili juu yake na utani wake mwenyewe. Mwigizaji wetu Kanumba alipofariki, Aprili 2012, watu walinyamaza pale kama msibani.

Maigizo ya jukwaani ndiyo nimeyakosa. Ya mwisho niliyaona shuleni. Mwigizaji alisahau maneno, bibi mmoja akamkumbushia kutoka nyuma, ukumbi mzima ukacheka. Simu haijawahi kunipa hicho.

Data nanunua usiku tu siku hizi. Mchana siiwashi.