Tuko fiti, kuna haja gani ya kupumzika njiani?

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tunapanga kwenda Ziwa Tilicho kule Nepal, nimeona liko mita 4,919 juu ya usawa wa bahari. Wote tunakimbia na tuko fiti, sasa mmoja wetu anasema kukaa siku nzima Manang, kijiji cha njiani, ni kupoteza muda, tupande tu tuone ziwa tugeuze. Mimi roho inasita. Kwani mazoezi hayatoshi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo roho inayosita isikilize. Mazoezi yanasaidia miguu, ila ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwasababu ya hewa nyepesi ya huko juu, hauchagui nani fiti nani sio, na wakati mwingine fiti ndio wanaoumia kwasababu wanaenda mbio mwili ukiwa bado haujajipanga. Pale ziwani kila pumzi inakupa oksijeni nusu na kidogo tu ya ile ya pwani. Mwili unazoea, utaanza kupumua haraka, figo nazo zinarekebisha damu taratibu, lakini hiyo kazi inachukua siku kadhaa na mazoezi hayawezi kuiharakisha.

Kinachohesabika zaidi ni pale unapolala. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 lala palepale usiku wa pili. Manang iko kama mita 3,500 hivi ndio maana watu wanakaa pale, na sio kushinda kitandani, mchana unapanda milima ya jirani kisha unarudi kulala chini. Kutoka hapo msiruke moja kwa moja hadi kambi ya Tilicho, laleni kijiji cha Khangsar kwanza. Siku ya ziwa mnatoka kambini alfajiri, mnapanda karibu mita 800, mnarudi kulala kambini, maana mchana upepo wa kule juu unakuwa mkali sana.

Halafu kabla ya kambi kuna eneo la maporomoko, kinjia chembamba kimekatiza kwenye mteremko wa changarawe na mawe yanaporomoka kutoka juu, hapo piteni mmoja mmoja mkiangalia juu, picha mtapiga mbele.

Sasa dalili. Kichwa kikiuma, na kichefuchefu au chakula hakipiti, usipande tena hadi viishe, na vikizidi shuka. Kuna dawa ya asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea, muone daktari kabla ya safari hasa kama una aleji ya dawa za salfa, lakini isiwe kisingizio cha kukimbia. Mwenzenu akianza kuongea hovyo, mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akihema sana huku amekaa tu, mshusheni saa hiyohiyo hata kama ni usiku, msisubiri asubuhi, watu wanakufa kwa kusubiri asubuhi jamani.

Na huyo mwenzenu mwenye haraka kaeni naye kabla hamjakata tiketi, mkubaliane kwamba yeyote akiumwa anasema bila kuona haya, na akishuka hashuki peke yake.